Nilivyokwenda Ngoma za Shinyanga na Msiba Mdomoni

Mama alikataa mambo ya simu. Siku zile simu ya watu wa kawaida ilikuwa ile karatasi ya posta yenye maneno matano sita, na mama alisema akiwa kitandani, akili zake timamu, kwamba akifa, Abdalla asipelekewe karatasi. Aendewe. Mtu mzima wa nyumba hii atoke hapa Mombasa, afike alipo, amwambie kwa mdomo, kisha arudi naye wasome arobaini pamoja. Mama alizaa wawili tu, mimi na huyo Abdalla, kwa hiyo mtu mzima wa kutumwa alikuwa mimi. Mume sikuwa naye, tulikwishaachana zamani na kila mtu akashukuru. Cherehani yangu ingeweza kupumzika. Tulipomaliza matanga nikamwachia mama mdogo nyumba, nikafunga mzigo.

Abdalla alikwenda Tanganyika bado kijana, kabla ya uhuru, akapata kazi ya ufundi wa mashine kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita. Mwanzoni alileta barua, baadaye salamu kwa midomo ya wasafiri, mwisho ikawa kimya. Tulisikia ameoa Msukuma. Tulisikia amepata pacha. Mama alimtaja kila akikaa kula, wala si kwa kumlalamikia, ni kumtaja tu, na mimi nilikuwa nikiudhika, maana niliyemlisha na kumwogesha nilikuwa mimi.

Kisumu tulifika asubuhi kwa gari la moshi, mgongo unaniuma kwa mabenchi ya daraja la tatu. Enzi zile nchi zetu tatu zilikuwa bado na reli moja na meli moja, na mtu wa Mombasa aliweza kwenda Mwanza bila kuulizwa maswali mengi. Nilikaa juu melini pamoja na wanawake wenye vikapu vya samaki. Mimi niliyekulia kwenye maji ya chumvi niliyaonja yale ya ziwa nikatema, yana ladha ya tope. Kila aliyeketi karibu nami aliniuliza niendako, nami nikasema naenda kumtazama ndugu yangu. Sikuona sababu ya kumgawia kila abiria msiba wa nyumbani kwetu.

Kutoka Mwanza nilivuka kwa pantoni, kisha basi mpaka Geita. Nilikuwa nimejijengea picha ya mji wa dhahabu, si unajua tena mambo ya kusimuliwa. Nilichokikuta ni vilima vyekundu na nyumba za wafanyakazi zilizong'olewa milango. Mgodi ulikuwa umefungwa miaka kadhaa nyuma. Mashine zilizobaki zilikuwa zimeota kutu na majani yamepanda mpaka kwenye magurudumu. Wanaume wachache walikuwa mtoni wameinama, wanachekecha mchanga kwenye makarai, na hakuna aliyeinua kichwa kutazama basi likipita. Nilizunguka na jina la Abdalla mdomoni mpaka jua likanichoma kichwani, na kila niliyemuuliza alinitazama buibui langu kwanza, swali baadaye.

Mwisho nikaingia duka la Mhindi mmoja aitwaye Kanji, Banyani mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Rafu zake zilijaa viatu vya mpira, taa za kuingilia chini na kofia ngumu za mgodini, vyote vimelala chini ya vumbi, maana wa kuvinunua walikwishaondoka. Mkewe na watoto alikuwa amewapeleka kwa ndugu zake Nairobi. Mwenyewe alisema anabaki kumalizia mali, nami sikuona mali ile ingekwisha lini. Alinipa chai. Nilipomtajia Abdalla fundi mashine, mtu wa Mombasa, uso ukamfunguka.

"Mombasa? Yule mwimbaji?"

Nikamwambia hapana, ndugu yangu si mwimbaji. Kwetu Abdalla alikuwa ni mtu wa kujibu kwa kichwa. Hata kwenye maulidi alikaa nyuma akipanga viatu. Kanji akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ni huyo huyo, hakuna Mombasa wawili. Mgodi ulipofungwa alihamia kwa wakwe zake upande wa Shinyanga, akaingia katika ngoma za Wasukuma, na sasa ni kiongozi wa waimbaji, wenyewe wanamwita ningi. Anaimba Kisukuma kuwapita wenyewe. Akanieleza kwamba ule ulikuwa msimu baada ya mavuno, ngoma zote zimekusanyika Shinyanga mjini kushindana, kwa hiyo nisitafute nyumba, nitafute ngoma. Nilitoka pale nimechanganyikiwa. Nilikuwa nikimpelekea msiba mtu nisiyemjua.

Nikapanda basi la kuelekea Shinyanga, na njia ya Katoro hadi Runzewe ilikuwa msitu mtupu. Katoro yenyewe wakati huo ilikuwa vibanda na ghala la pamba, tukala mihogo ya kuchoma tukaendelea. Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha mbung'o, wale nzi wa malale. Wanaume wawili waliingia garini na nyavu ndogo wakakagua kila pembe, wakanikung'uta buibui bila hata ya kuniomba radhi, kwa sababu nzi wale wanapenda nguo nyeusi. Abiria walicheka. Mimi sikucheka. Usiku tulilala Kahama kwenye ukumbi wa stendi, na kesho yake msitu ukaisha, ikaanza nchi tambarare isiyo na kizuizi cha macho, ng'ombe na vumbi, vumbi na ng'ombe. Nilikuwa nikijizoeza kichwani maneno ya kumwambia Abdalla. Kila nikiyapanga yalikuwa yananigeuka yakawa ya kumgombeza.

Shinyanga sikupata taabu. Nilipotaja Mombasa sokoni, mwanamke mmoja muuza dagaa aliacha biashara yake akanipeleka mpaka mlangoni. Nyumba ilikuwa nje kidogo ya mji, imezungukwa na uzio wa minyaa. Akatoka mwanamke mrefu, mkono una unga, akanitazama, kisha akapiga magoti kwenye vumbi lile lile. "Shikamoo wifi," akasema. "Kalibu nyumbani." Huyo ndiye Mama Kulwa, mke wa Abdalla. Alijuaje kuwa mimi ni wifi yake, wakati hajapata kuniona? Alisema Abdalla na mimi tuna paji moja la uso, na tena alikuwa ameambiwa kwamba dada yake hatabasamu ovyo.

Hapa lazima niwaeleze jambo, ingawa nyinyi wa nyumbani mnalijua. Kwetu habari mbaya haitangulii. Mgeni akiulizwa habari za atokako husema njema, hata kama nyumba imeungua. Anakaribishwa, anapewa maji, anapumua, na hapo ndipo anaposema "ila". Baada ya ila ndiyo habari yenyewe. Wasukuma nao nilikuta wana mtindo huo huo. Wanaulizana, wanajibizana "mhola", yaani salama, mhola za watoto, mhola za ng'ombe, mpaka zinakwisha, ndipo wanaambiana kilichowaleta. Mama Kulwa akaniuliza habari za Mombasa, nikasema njema. Akaniletea maji kwenye kibuyu, nikanywa. Akakaa chini mkekani, akangoja.

"Ila mama ametutoka," nikasema.

Hakupiga ukunga. Alijiziba mdomo kwa mkono wa unga, akatazama nje kwenye uzio kama kuna mtu amesikia. Machozi yakamshuka kimya kimya. Kisha akaanza kunisihi kwa sauti ya chini. Abdalla, alisema, hakuwa nyumbani. Kundi lao, la Wagika, mmoja wa pande mbili zinazoshindana, lilikuwa limepiga kambi na mganga wao, na siku za mashindano aliyefiwa hakaribii kambi hiyo. Kesho ilikuwa siku ya mwisho. Tena watu wa kundi wakisikia kwamba mama wa ningi wao amekufa siku hizi hizi, watasema ameuliwa kwa dawa za Wagalu, upande wa pili, na msimu uliopita walikwishapigana marungu kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikamwambia mama alikuwa akivimba miguu mwaka mzima, na tangu azaliwe hajawahi kulisikia hilo jina la Wagalu. "Wifi, mimi najua," akasema. "Wao hawatajua." Akaniomba ningoje kesho jua likizama, ngoma ikivunjika, nimwambie faraghani. Nikakubali. Nilisafiri nchi mbili kuja kumwambia, basi kuongeza siku moja kulikuwa na uzito gani. Nilikuwa sijui.

Asubuhi ya siku ile tuliamka mapema, na Mama Kulwa akanishauri nivue buibui, nijifunge kanga kama wengine. Nikamwambia mimi sina umri wa kuanza kutembea uchi. Tulipofika barabara ya maduka watu walikuwa wamekwishajaa pande zote mbili, wamepanda juu ya magunia ya pamba, juu ya malori, kwenye mabati. Wahindi walikuwa wamefunga milango ya maduka wakasimama ghorofani na watoto wao, wanatazama chini. Bendera za karatasi zilikuwa zimetundikwa kutoka nguzo hadi nguzo. Mgambo walikuwa na kamba ndefu wanaisukuma halaiki nyuma, na halaiki ikiwarudisha wao mbele. Vumbi lilikuwa limeninata mpaka kwenye meno. Nami katikati ya yote hayo nimevaa nyeusi. Watu walinigeukia kunitazama kama mimi ndiye ngoma ya kwanza, wengine wakanishika kitambaa kuona kimefumwaje.

Kisha maandamano yakaja, kutoka upande wa stesheni. Sikatai, nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Walitangulia vijana wa majembe, wanayarusha juu yanazunguka hewani, wanayadaka wote kwa pamoja bila kutazama. Wakafuata wacheza nyoka, chatu mzima amelala mabegani mwa mzee mmoja amechoka, ulimi unatoka na kuingia. Wengine walibeba sanamu za mbao zenye mikono ya kutingishika, zimevishwa magauni na miwani ya jua. Palikuwa na wanaume waliovaa makoti ya mvua katika lile joto, na wanawake waliopaka nyuso unga mweupe. Njuga miguuni zilitikisa ardhi mpaka niliisikia kwenye magoti. Kila mtu alikuwa na furaha hata ya kumgawia jirani, na mimi kifuani nimejaa mama. Nilimwona alivyokuwa siku ya mwisho, mguu umetoka nje ya shuka. Nikawachukia wale watu wote kwa meno yao. Ndiyo, niliwachukia, na sikuona haya.

"Yule," Mama Kulwa akaninong'oneza.

Nisingemjua. Alikuwa amevaa kanzu, kanzu ya kwetu hasa, imekatwa magotini ili miguu yenye njuga ionekane, na kichwani kofia ngumu ya mgodini iliyobandikwa simbi pande zote, na usinga wa mkia wa ng'ombe mkononi. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anaimba, na watu wazima wenye mvi wakamwitikia kwa sauti moja. Yule Abdalla wa kupanga viatu! Akapita hatua chache mbele yangu, jasho linamtiririka, na hakuniona. Mkono wangu ulikwishanyooka wenyewe, Mama Kulwa akaushusha.

Uwanjani, nje ya maduka, ndiko kwenye mashindano yenyewe, na sheria yake ni nyepesi. Wagika wanacheza huku, Wagalu wanacheza kule, kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru. Waamuzi hawatazami wachezaji, wanatazama watu. Aliyevuta watu wengi ndiye bingwa. Kwa hiyo maelfu wale walikuwa wakikimbia kutoka upande huu kwenda ule, wanarudi, wanakwenda tena, wanakanyagana, na hiyo ndiyo raha yao. Alasiri Wagalu wakatoa fisi. Fisi mzima, amefungwa kamba shingoni, mtu anacheza naye. Basi upande wetu ukabaki kama soko lililofungwa. Tulibaki wanawake wa kundi, wazee wachache na mimi. Nikaona mabega ya Abdalla yanashuka. Sauti yake ilikuwa imekwama, anarudia wimbo ule ule na hakuna anayeitikia.

Hapo ndipo aliponiona. Hakukuwa tena na halaiki ya kunificha, na nguo yangu ilikuwa ndiyo nyeusi peke yake uwanja mzima. Alisimama. Akainua usinga na ngoma zikanyamaza. Akaja mpaka ukingoni mwa duara, karibu kiasi cha kumgusa, na baadhi ya watu wa upande wa pili, walipoona ngoma zimekatika ghafla, wakaanza kugeuka kutazama kuna nini.

"Dada," akasema, kwa Kimvita kile kile cha nyumbani, hakijapungua hata kidogo. "Habari za nyumbani?"

Ulimi wangu ukajibu kama ulivyofunzwa. "Njema," nikasema. "Ila..."

Hakuingoja. Aligeuka, akashusha usinga, na ngoma zote zikaanguka juu ya neno langu. Akaimba. Ulikuwa wimbo mpya, mstari mmoja mmoja, anautunga palepale, na Mama Kulwa akawa ananifasiria sikioni mpaka sauti ikamkatika. Dada yangu amevuka ziwa, amevaa usiku mchana kweupe. Nimemuuliza habari, kasema njema. Niliyemwacha mlangoni bado yuko mlangoni. Na kiitikio chake kilikuwa maneno machache, hata mimi nikayaelewa bila mfasiri: Mayu wane ali mhola. Mama yangu ni mzima.

Sijui nilitegemea watu wale wafanye nini. Kila mmoja wao ana mama, au alikuwa naye. Waliitikia mara ya kwanza wachache, mara ya pili wengi, na mara ya tatu nikasikia uwanja mzima unakimbia kuja kwetu, wamemwacha fisi na mwenyewe. Wanawake wakaniingiza katikati ya duara. Mimi ndiye niliyekuwa ushahidi. Walinishika mikono wakaiinua, wakanizunguka, wakanipaka unga mashavuni, wakanipigia vigelegele, watu nisiowajua wananiambia usoni, kwa furaha, kwamba mama yangu ni mzima. Mtu akisema kitu hicho mara nyingi vile, masikio yanaanza kutaka kukubali. Niliuma meno. Sikulia, kwa sababu ningelia wangejua, na Mama Kulwa alikuwa amenikazia macho kutoka pembeni.

Wagika walishinda. Waamuzi hawakuwa na haja ya kujadiliana.

Jua lilipokuwa linazama nilimpata nyuma ya ghala la pamba, amekaa juu ya jiwe, anafungua njuga. Wenzake walikuwa wanamwita, akawapungia mkono waende. Nikasimama mbele yake. Maneno yote niliyoyapanga tangu Geita yakanipotea. Yeye ndiye aliyeanza, na wala hakuinua uso.

"Alikufa lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mama alivyosema habari ya simu, na alivyokuwa akimtaja akikaa kula. Akawa anatikisa kichwa taratibu, kama zamani. Nikamuuliza amejuaje. Akasema alijua pale pale aliponiona, maana nani atoke Mombasa mpaka Shinyanga, mwanamke peke yake, aje kusema njema?

"Basi mbona hukuningoja nimalize?"

"Kwa sababu ungemaliza."

Nilitaka kumpiga, wallahi. Badala yake nikakaa chini kwenye vumbi nikamsaidia kufungua njuga za mguu wa pili, maana mafundo yalikuwa yamekaza. Usiku ule alikubali kwamba tutaondoka pamoja, kwamba atakuwepo kwenye arobaini, na Mama Kulwa akamfungia nguo.

Siku ya kurudi, stesheni ya Shinyanga watu walikuja kutusindikiza. Habari ilikuwa imeenea kwamba ningi anakwenda Mombasa kumwona mama yake, na hakuna aliyewasahihisha, si mimi wala si mkewe. Mama Kulwa alikuwa ametuonya kwamba marungu bado yako kwenye kona za nyumba. Wakatuletea zawadi za mama. Michembe, vile viazi vitamu wanavyovikata vyembamba na kuvikausha juani, mifuko na mifuko. Kuku. Karanga. Kibuyu cha samli. Bibi mmoja, hana jino, alimpa Abdalla fundo dogo la michembe akamwambia aiponde iwe laini, kwa sababu wazee hawatafuni. Abdalla akaipokea kwa mikono miwili akasema mama atafurahi.

Garini ilikuwa hivyo hivyo. Kila stesheni mpaka Mwanza wimbo ulikuwa umetutangulia, sijui kwa miguu gani. Watu waliingia, wakaiona ile kofia yake ya simbi mapajani, wakamuuliza, "Mayu ali mhola?" naye akawajibu, "Mhola." Mwanzo nilidhani anajikaza. Baadaye nikamtazama vizuri. Kila akijibu, uso wake ulikuwa unatulia. Nikaanza kuogopa.

Bandarini Mwanza tulifika na mizigo ya kumtosha bibi arusi. Tiketi zote mbili nilikuwa nazo mimi. Abdalla alibeba michembe mpaka chini ya ngazi ya meli, akaiweka, akainyoosha mifuko ikae vizuri, akabaki ameinama pale. Nikamwambia apande, watu wanatusukuma.

"Dada, mimi sipandi."

Nikamuuliza ana wazimu. Akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto, kwamba huku mama ni mzima. Kila mtu anamuuliza hali yake. Akipanda meli hii, akishuka Kisumu, mtu wa kwanza kumpa mkono atampa wa pole.

"Amekufa, Abdalla," nikasema, na nilisema kwa sauti, hadi mpagazi akageuka. "Hata ukikaa hapa na kofia yako mpaka uzeeke, mama amekufa, nimemwosha kwa mikono hii."

"Umemwosha wewe," akasema. "Mimi sijamwona."

Akanishika mkono, akaubusu kama tulivyokuwa tukiwabusu wakubwa zetu siku ya Idi, akanipa kisogo. Nilimtazama mpaka akapotea kati ya mapipa ya mafuta. Hakugeuka. Meli ilipiga honi, nikapanda na michembe yangu, na njia nzima mpaka Kisumu nilimlaani. Nilimwita mwoga, nilimwita asiye na asili. Mwanamke aliyekaa kando yangu alihama.

Miaka iliyofuata mpaka wa nchi zetu ukafungwa, meli ikaacha kuja, na sikumwona tena.

Nilifika Mombasa siku moja kabla ya arobaini. Nyumba ilikuwa imejaa, na wote walitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu anafuata. Nikasema hakuja. Niliulizwa sababu, nikasema nimechoka. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyeshikilia jiko, akafungua mifuko akauliza hivi ni vitu gani, vimekauka kama maganda. Nikamweleza ni viazi, ni zawadi alizoletewa mama na watu wa Shinyanga. Wanawake wakasema visitupwe, ni riziki, vipikwe viwe sadaka yake. Wakavichemsha kwa tui la nazi, na kesho yake baada ya kusoma vikapakuliwa pamoja na pilau, na watu wakavila na kuvisifu.

Nilikuwa karibu na jiko, bado nina hasira zangu za Mwanza, mama mdogo anapakua. Alikuwa anapakua upesi upesi, sahani za wanaume, sahani za watoto, za majirani wasiokuja, mkono unakwenda wenyewe kama ulivyozoea katika nyumba ile miaka yote. "Hii laini laini," akasema, "mfunikieni mama yenu, atakula akiamka."

Upawa ukasimama hewani. Alikwishasikia alichokisema. Jikoni tulikuwa wanawake wengi, na hakuna hata mmoja aliyemsahihisha. Hapo hasira zangu kwa Abdalla zikanitoka zote kwa mara moja, nikajiona na mimi nimesimama naye pale chini ya ngazi ya meli. Nikanyoosha mikono nikaipokea ile sahani. Nikaipeleka chumbani kwa mama, nikaiweka juu ya kigoda, nikaifunika kawa, nikafunga mlango.